Tarakimu Sitini

Plovdiv, mtu akifa, hubandikwa.
Karatasi moja, picha, jina, miaka,
mlangoni kwake, kwenye nguzo ya taa,
kwenye kioo cha duka la mikate,
na mvua huila taratibu
hadi ibaki pua na tai.
Sisi kifo hatukifichi.
Ila uvimbe, dada yangu Nevena alitaka kuuficha,
angalau mpaka aujue jina.

Aliuliza usiku, Asen akikoroma,
maneno matatu katika kisanduku cheupe cha simu:
uvimbe, kwapa, maumivu.
Asubuhi simu ikamletea mawigi.
Mchana, bima ya mazishi, malipo kidogo kidogo.
Jioni, kwenye kompyuta ya sebuleni
ambako Asen hutafuta bei za matairi,
zikachomoza skafu za wasio na nywele,
naye akageuza shingo:
"Nani anaumwa humu?"

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Hatukuambiwa kwamba kata naye ana duka.

Alinijia ameizungushia simu taulo, kama samaki.
Mimi hutengeneza lifti; kwake hiyo ilitosha kuniita fundi wa kila kitu.
Nikaing'oa ile njia ya zamani ya kutafutia,
nikaweka nyingine, isiyouliza wewe nani
wala haiokoti nyayo zako kwenda kuzipima.
Kisha ujumbe. Nikamwambia:
ukiandika, maneno yanasagwa humohumo mkononi mwako,
njiani ni vumbi,
yakifika kwangu yanarudi kuwa punje.
"Kwa hiyo mwenye barabara haoni gunia?"
Gunia analiona. Anajua limetoka kwako saa ngapi, limekuja kwangu.
Kilichomo hakijui.
Akafikiri. "Basi ajue nina dada."

Tukasomeana tarakimu sitini za kuhakikishana,
tano tano, mafungu kumi na mawili,
chai ikipoa.
Fungu la saba alikosea, miwani ilikuwa chafu.
Tukaanza upya.
Sijawahi kusali na mtu vile.

Miezi kumi na mmoja aliniandikia:
alichotapika,
mluzi wa nesi Kalinka,
mwanamume aliyemwota, na hakuwa Asen,
tusi moja refu kwa Mungu, ambalo halitatoka kwangu.
Kila baada ya wiki yalijifuta. Ndivyo alivyotaka.

Sasa yuko kwenye nguzo ya taa.
Alikuja Asen, kofia mkononi, simu ndani ya kofia.
"Wewe ndiye uliyeifunga. Ifungue.
Nataka sauti yake tu, hata akinigombeza."
Nikasema sina ufunguo.
Kweli, sina.
Ningeweza kubahatisha: mwaka aliozaliwa mama, namba ya nyumba ya utotoni.
Mikono niliiweka chini ya meza.
Akalia kama watu wazima wanavyolia, kwa kukohoa.
Nilijivuna, nikajichukia,
na hadi leo sijui kipi kilitangulia.

Iko kabatini, chaji imekwisha,
kando ya yai jekundu la Pasaka
tunaloliweka mwaka mzima bila kulivunja.
Nyumba mbili, hazina mlango.
Nikifuta vumbi nazinyanyua zote,
moja baada ya nyingine,
kwa uangalifu uleule.