Boliti ya Nne

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi.
Yeye chali chini ya Reno, miguu tu nje,
buti za kazini kisimani, soksi moja imetoboka,
na sauti yake ikitoka ndani ya chuma:
"Huku, Nélida. Siyo huko. Huku!"
Huku ni wapi, kwa mtu aliyesimama juu
anayemwona mumewe kuanzia magotini?

Julai, Comodoro. Upepo wa huku haubishi hodi.
Ulikuwa umekwisha kung'oa bati la jirani Ibarlucea
ukalilaza katikati ya uwanja wa mpira,
na sisi tuko nje tunabadilisha pampu ya maji
kwa sababu fundi Ceballos alitaja bei
ambayo, Evaristo alisema,
ingetosha kumnunua Ceballos mwenyewe
pamoja na karakana na mbwa.

Kila kilichofunguka alikipanga
juu ya gazeti la Jumapili:
boliti ndefu kwenye matokeo ya ligi,
fupi kwenye tanzia,
nati na ringi kwenye bei ya kondoo.
Mpango mzuri. Ila gazeti ni karatasi,
na upepo unajua kusoma harakaharaka.

Saa tano usiku akalibamiza boneti.
Gari likakohoa. Likakohoa tena, likawaka.
Na jikoni, kando ya birika la mate,
boliti tatu zilikuwa zimelala mezani
kama abiria walioachwa na basi.
"Za ziada," alisema, bila kunitazama.
"Kiwandani huweka nyingi ili wapate usingizi."
Akazitia katika kopo la peremende
pamoja na wenzao wa mwaka wa kabureta,
wa mwaka wa breki, wa mwaka ule wa mlango
ambao mpaka leo hufunguka tukikata kona kushoto.
Nikilitikisa kopo hilo
naisikia ndoa yangu nzima.

Lakini zilikuwa nne.

Ya nne ilidondoka mbele ya kiatu changu
pale aliponiambia natetemesha taa makusudi,
kwamba hata mama yake, mwenye mtoto wa jicho,
angemulika vizuri zaidi.
Ilidondoka, ikasema ti.
Niliinama, nikaiokota na grisi yake,
nikaitia mfukoni mwa aproni.
Tochi ikatulia tuli.
Aliitafuta mpaka vidole vikawa rangi ya zambarau,
akiburuza sumaku iliyofungwa uzi juu ya kokoto,
akavua msumari, kizibo cha bia,
ufunguo wa nyumba tuliyohama zamani,
akaapa kwamba ardhi imeimeza.
Mimi nilisema, "Labda."

Ikakaa kwenye sanduku la cherehani
kati ya vifungo vya makoti yaliyokwisha kuchakaa.
Mara tatu nilifungua mdomo.
Mara ya kwanza alikuwa anakula.
Ya pili alikuwa na furaha.
Ya tatu, mwenye furaha nilikuwa mimi.

Jumapili iliyopita tulikwenda Sarmiento kwa dada yake,
kilomita mia na nusu za nyika
na mitambo ya mafuta inayoinamisha vichwa,
ndiyo, ndiyo, ndiyo,
hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.
Nusu ya safari kitu kikaanza kugonga mbele,
taratibu, kama ukucha kwenye sahani.
Evaristo akaongeza sauti ya redio.
Nikaipunguza.
Akaiongeza.
"Unasikia kitu?" aliuliza mwishowe, macho barabarani.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti,
ambamo asubuhi ile, sijui kwa nini,
nilikuwa nimeitia. Ilikuwa imeshika joto langu,
na hesi zake nilikuwa nazisugua kwa kidole gumba
nikizihesabu, nikipotea, nikianza upya.

"Upepo," nikasema.

Nje, majani makavu ya nyika
yalikuwa yamesimama wima, hayatikisiki.

"Upepo," akaitikia Evaristo,
akapunguza mwendo hadi arobaini.