Kwa Penseli

Wiki tatu sikuonekana darasani.
Nilikuwa Igombe, mchangani, nageuza dagaa,
nawafukuza yangeyange kwa kandambili ya baba,
moja tu, ya kushoto,
maana ya kulia ilikwenda naye.

Usiku ule tulizihesabu karabai kutoka mlangoni:
tisa. Tukalala.
Alfajiri zikarudi nane.

Watu walikuja na mikeka na maneno.
Kazi ya Mungu haina makosa, walisema,
wakala ugali wetu, wakaondoka,
mama akabaki na blanketi lile,
analikunja, analikunjua,
kama barua asiyojua kuisoma.

Kumbe huko shuleni,
shule ya kanisa, bati lenye kutu, kengele ya rimu ya lori,
Mwalimu Nyanjige aliniita kila asubuhi.
Sayi Lugata.
Kimya.
Sayi Lugata, tena, taratibu,
kama abishaye hodi akijua wenyewe wamo.
Kisha (alinisimulia Kashinje wa dawati langu)
aliweka chini kalamu nyekundu,
akachukua penseli.
Siku zote kumi na tano aliniandika utoro kwa penseli,
duara jembamba, hafifu,
la kufutika.

Nilirudi nanuka dagaa.
Wenzangu walisogea. Yeye hakusogea.
Wala hakunikumbatia, msidhani;
alikuwa mkali yule mama wa hesabu,
rula yake tuliiogopa kuliko mamba.
Alisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia:
Bwana, Sayi amefika. Amina.
Fungueni ukurasa wa arobaini na moja.

Ukurasa ule ulikuwa na mvuvi.
Chaki ilikwisha kuandika *Mvuvi mmoja ali*
ndipo nikaona mkono wake umesita.
Akamfuta kwa kiganja,
akaandika *fundi cherehani*.
Darasa zima tukashona siku ile,
mashati mangapi kwa mita thelathini za kitambaa,
na hakuna aliyeuliza mbona kitabuni si hivyo.

Ijumaa, kipindi cha dini, ikasomwa habari
ya chombo na tufani, na Yesu shetrini,
amelala juu ya mto.
Mto wa kulalia, nilifahamu.
Lakini mimi niliona maji tu.
Nikanyoosha kidole.
Mbona wale walimwamsha akaamka?
Baba yangu alikuwa na sauti kubwa.
Akiita ng'ombe, hata wa jirani walikuja.

Tukasikia mbuzi wa katekista anatafuna majani nje.

Angenijibu kwa aya ningekubali.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kukubali nilikuzoea.
Lakini alivua miwani, akaja kuketi dawatini petu,
kati yangu na Kashinje, mwanamke mzima, magoti juu,
akasema: Sijui, Sayi.
Hata mimi namwuliza.
Tangu kaka yangu, namwuliza.
Sasa tumekuwa wawili. Wewe mwulize asubuhi,
mimi nitamwuliza usiku,
tuone atapata wapi nafasi ya kulala.

Kashinje alicheka kwanza.
Kisha nikasikia mtu mwingine anacheka,
na sauti ilikuwa yangu,
ngeni, kavu, kama pampu ya kisima
iliyokaa kiangazi kizima bila kuguswa.

Sikupona siku ile. Nani hupona Ijumaa moja?
Bado nililala nikihesabu taa.
Ila nilikuwa na zamu: asubuhi ni yangu,
na mwenye zamu lazima aamke.

Darasa la saba, wiki moja kabla ya mtihani,
alinitazama kwanza, nikaitikia kwa kichwa,
ndipo akaandika ubaoni:
*Mvuvi ametoka saa mbili usiku.
Amerudi saa kumi na mbili asubuhi.
Amekaa ziwani kwa saa ngapi?*

Kumi, niliandika.
Na katika swali nililolinakili
nikapiga mstari chini ya neno moja,
*amerudi*, kwa penseli.

Alilisahihisha jibu. Vema moja, nyekundu.
Mstari hakuugusa.