Chumba cha Vipodozi, Milwaukee

"Mimi sioni rangi," asema Brenholt, mwongozaji,
mkono begani mwangu, meno yote nje.
Kisha arudi kugombana na fundi:
pazia hili ni krimu, yeye aliagiza maziwa.
Nusu saa nzima. Krimu. Maziwa.

Mezani, makopo kumi na mawili ya poda;
la mwisho limekomea kwenye ngano.
Nafungua mkoba. Langu nimekuja nalo,
kama mwalikwa abebaye kijiko chake karamuni.

Naigiza rafiki. Sina jina la ukoo, sina mama.
Namwambia Kirsten asikate tamaa,
halafu, kipindi cha tatu, napigwa risasi.
Wamenivisha gauni jeupe, damu ionekane.

"Nyeupe imekukaa, Odessa,"
asema, akipunguza taa.