Sekunde Kumi na Tisa

Kwenye mchoro, watu hawana mizigo.
Wanatembea wawili wawili, nyuso ziwani,
na tramu imesimama, safi kama sahani ya mgeni.

Mimi nilitumwa kuhesabu.
Nimekalia kreti ya soda kando ya reli ya zamani,
saa kiganjani, penseli sikioni.

Apondi alipita saa moja kasorobo
akitoka Dunga, beseni la omena kichwani, mtoto mgongoni,
goti la kushoto likisita juu ya kokoto.
Sekunde kumi na tisa.
Taa ya kijani imepangiwa kumi na moja.

Nikamwambia, "Kivuko kitakuwa kule, mbele ya hoteli."
Akatazama kule.
"Kule nani atanunua omena?"

Nyasi zimelala anapopita, yeye na mamaye kabla yake:
mstari mweusi, mwembamba, usiojua rula.

Jioni mhandisi Wafubwa akataka jumla.
Nikampa. Kisha nikashika penseli,
nikamchora Apondi katikati ya reli,
beseni, mtoto, goti,
nikamwacha pale.

"Haya," nikasema, "sasa iwashe tramu yako."