Herufi Kinyume

Barabara ya Nasser, saa tatu usiku,
mashine za kalenda za wabunge zimepoa.
Waiswa ananipa kipande cha linoliamu
alichokikata sakafuni kwa shangazi yake,
bado kina kovu la mguu wa kitanda.
"Chonga kinyume," ananiambia,
"la sivyo jina la mtu litasomeka ovyo."

Jina ni Napeyok.
Daftari la polisi liliandika Napiyo, kisha Naboyo,
kisha likachoka, likaandika: Mkaramojong, mwanamke.
Alikuwa akifagia mahindi yanayomwagika ghalani Kisenyi,
akiyapepeta, akiyauza kwa kikombe.
Simu ya mtu ilipotea.
Ghalani mlikuwa na watu kumi na wawili.
Walianza kuhesabu, wakamfikia yeye,
wakaacha kuhesabu.

Hakimu aliuliza mara mbili kwa Kiingereza,
karani akarudia kwa Kiganda.
Ikaandikwa: mshtakiwa amekaa kimya.
Mwaka wa tatu huu kimya hicho kiko Luzira,
kinapanga foleni ya posho.

Nikikata, panabaki peupe.
Nisipopagusa ndipo wino unapokaa.
Kwa hiyo usoni mwake nakata kidogo tu,
nukta za chale kwenye paji, moja moja,
kama mtu anayepanda mtama.

Maneno ya chini yalitugombanisha.
Kiganda, alisema Nalwoga mfunga vitabu, mji usome.
Kiingereza, nikasema, mahakama isome.
Waiswa alikuwa akifuta vidole kwa petroli.
"Kiswahili."

Hakuna aliyejibu.
Kwetu Kiswahili kilikuja usiku, na buti,
kikauliza baba yuko wapi.

"Ndiyo maana," akasema.
"Atakayetumwa kuibandua ni askari.
Kabla hajatia ukucha pembeni
macho yake yatakuwa yameshasoma."

Alfajiri, gundi ya muhogo ikinuka mikononi,
tulisimama ng'ambo ya mahakama
tukijifanya tunangoja chapati.
Askari alikuja. Kijana, koti limempwaya.
MLINIULIZA KWA LUGHA GANI?
Midomo yake ilicheza.
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
akaichana.

Ichaneni, zipo mia mbili.
Ila usiku ule tulikuwa na haraka
na wino haukukauka.
Nilimwona akikunjua kiganja juani,
akikigeuza, akikileta karibu na uso:
herufi zangu, kinyume,
vile vile nilivyozichonga.