Nyumba ya Joto, Uvinza

Bibi yangu Nyansaho alipika chumvi kwa miombo.
Gunia moja, mizigo sita ya kuni:
hesabu hiyo aliijua kabla hajajua jina la mumewe.
Maji aliyateka kwenye chemchemi kando ya Ruchugi,
akayakesha,
na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu
kama ya mtu aliyefiwa, hajaambiwa na nani.

Kisha ikaja nyumba isiyo na madirisha.
Waliijenga nyuma ya stesheni, bati jeupe, uzio mara mbili.
Tukauliza: ghala la nini?
Kijana wa vipimo, Ntiruhungwa, akajibu: la kumbukumbu.
Tulicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.
Kumbukumbu zinawekwa ghalani kama mahindi?
Zinaingiwa na dumuzi?
Akasema: hapana, zinapata joto.

Hapo nikatua ndoo.

Umeme wake unatoka Malagarasi,
pale mto unapojitupa mwambani bila kuomba ruhusa.
Mchana wanaongeza jua: vioo mia nne
vimeinamia kaskazini kama waumini wa dini wasiyoitaja.
Walichimba pia, wakitafuta mvuke wa ardhini.
Mita mia saba.
Wakapata maji vuguvugu na deni.

Lakini ile nyumba inahema.
Mashine zikifikiri zinatoka jasho,
na jasho lake, hewa ya moto, lilikuwa linapotea bure
juu ya mashamba ya mihogo
mpaka mama yangu alipokwenda ofisini na sufuria,
akaiweka mezani, akasema:
nipeni huo moto mnaoutupa.

Ilichukua miezi minane na barua kumi na moja.
Sasa bomba linapita chini ya matangi yetu.
Chumvi ya kwanza ilikaa siku tisa.
Siku tisa! Bibi alimaliza usiku mmoja.
Ilipokauka ilikuwa nyeupe kupita kiasi,
mama akailamba, akanyamaza, akasema:
hii haijawahi kulia moshi.
Sikujua kama anasifu.

Visiki vya kilimani vimechipua.
Kuna mtu ametundika mizinga.

Juzi nikamwuliza Ntiruhungwa:
ile sauti ya bibi niliyomtumia kaka Tabora kwa simu,
wiki mbili kabla hatujamzika, imo humu?
Akakuna shingo. Labda, akasema.
Labda kipande kimo humu, kipande kiko nchi nyingine.

Kwa hiyo nikitia chumvi kwenye migebuka
naonja taratibu,
nikisikiliza kwa ulimi.

Nyuma ya mlango nimebakiza kuni tatu za miombo.
Mama ameziona, hakuuliza.
Umeme ni umeme.