Toleo Jipya

Usiku kucha ilihesabu: asilimia arobaini,
arobaini na moja, ikakwama hapo
hadi jogoo wa Mama Kundaeli akawika,
nami naziwazia uniti za Luku zilizobaki.

Asubuhi ikaamka mgeni.
"Karibu," ikasema. "Jina lako nani?"
Miaka tisa tunakaa meza moja, Pasua hapahapa,
leo waniuliza jina.

Ikataka kujua niko mji gani.
Moshi haimo. Nikachagua Nairobi,
shingo upande.

Vitufe vimehama. Pembe zimelainika
kama sabuni iliyotumika.
Printa haitambuliki. Feni nayo imenyamaza,
ile iliyokuwa ikikoroma kama marehemu baba.

Na kwenye kioo imetundika mlima,
theluji safi, wa nchi nisiyoijua.
Nikafunua pazia nilinganishe:
Kibo imejifunika mawingu, haina habari.

Nikalitafuta faili la baba, "kahawa 2011".
Lipo. Kilo zilezile, deni lilelile la ushirika,
na "Septeba" yake ileile.

Mstari mwekundu umechomoza chini yake,
wanisihi nirekebishe.

Nimebonyeza: puuza.